Ndege Iliyofungwa Kwenye Meza ya Chakula

Mume wangu Sostenes ana mikono inayosikilizana na mashine yoyote utakayompa, ila mdomo wake Mungu aliusahau njiani. Nasema hivyo nikiwa nampenda. Tangu tulipopanga chumba chetu cha kwanza hapa Nyahanga, Kahama, najua kwamba akirudi kutoka mgodini akasema "leo kulikuwa na vumbi," basi siku hiyo amezungumza sana.

Kazi yake ni kuendesha ekskaveta, lile dude lenye mkono mrefu na kijiko cha chuma linalochota mwamba na kuumwaga kwenye malori. Alizaliwa Kishapu, upande wa kuelekea Mwadui, katika nyumba ya pamba na ng'ombe. Utoto wake wote, msimu wa kulima ulipofika, yeye alikuwa mbele ya maksai ameshika kamba na baba yake, Mzee Maige, alikuwa nyuma ameshika plau. Alipoanza kuota ndevu aliondoka. Hakugombana na mtu. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha na shamba linasubiri; aliamka asubuhi, akadandia lori mpaka Isaka, akawa mpakiaji wa mizigo kwenye bandari kavu. Pale alizoeana na mwendesha kreni. Akaanza kumfutia vioo, baadaye akashikishwa kidogo, mwisho akaachiwa kabisa. Mgodini walimchukua kwa ajili ya mikono hiyo.

Nyumbani kwao alituma matumizi kila mwezi na sikukuu alikwenda. Lakini yeye na baba yake walikuwa wakisalimiana tu. "Mwadila, baba." "Mwadila." Kisha kila mmoja anatazama ng'ombe. Mimi niliyezaliwa katika nyumba ya wanawake sita wanaoongea kwa pamoja, nilikuwa natamani kuwagonganisha vichwa.

Ugonjwa wa ndege aliuokota dukani kwa Kunal, kijana wa duka la vifaa vya umeme pale mjini, ambaye babu yake ndiye aliyelifungua. Sostenes alikwenda kununua swichi ya taa, akamkuta Kunal nyuma ya kaunta anapigana vita angani kwenye kompyuta. Swichi niliingoja mpaka jioni. Wakawa marafiki, na Kunal alipopata vifaa vipya, vile vya zamani akampa mume wangu: joistiki, yaani fimbo ya kuongozea ndege, yenye kitufe cha kufyatulia risasi, na pembeni yake mkono wa mafuta, ule unaousukuma ili injini iongeze nguvu.

Sasa ungemwona mume wangu anavyovifunga. Alivibana kwenye meza yangu ya chakula, mbele ya kompyuta yetu, kwa vibanio vya fundi seremala, fimbo kulia, mkono wa mafuta kushoto, akakaa kitini, akafumba macho, akanyoosha mikono. Havikukaa sawa. Akafungua, akasogeza kidogo, akafumba tena. Mimi nimesimama na sufuria ya wali sina pa kuiweka. Nikamuuliza, "Baba Mihayo, sisi tule wapi?" Akanijibu kwa upole kabisa, "Mkekani kuna hewa nzuri." Tukala mkekani.

Baada ya kufunga ikaja kazi ya kuifundisha kompyuta. Nilijifunza bila kutaka, maana cherehani yangu iko sebuleni humo humo. Kwanza fimbo inazungushwa mpaka mwisho wa kila upande ili kompyuta ijue mipaka yake. Kisha unaiambia: hivi ni kuinua pua ya ndege na kuishusha, hivi ni kulaza ubawa, hivi ni kugeuza mkia. Fimbo ile ilikuwa kuukuu, hata ukiiacha ilitetemeka kidogo, kwa hiyo akaweka nafasi katikati ambayo ikitikisika ndege isijali. Mkono wa mafuta nao ulikuja na kichekesho. Alipousukuma mbele injini ilizimika, alipouvuta nyuma ikanguruma. Akatafuta kwenye mipangilio, akakuta mahali palipoandikwa kugeuza, akaweka alama, mambo yakakaa sawa. Ulikuwa mgumu pia. Akaupaka mafuta yangu ya kujipaka. Nilimwambia hayo ni ya ngozi ya binadamu. Akasema na huu nao ni mkono.

Mwanzoni alianguka mno. Ekskaveta ukichanganyikiwa unaachia mikono yote ya kuongozea, nayo inasimama pale pale kukungoja utulie. Ndege ukiiachia inaendelea na safari zake mpaka kwenye mlima. Lakini kuna jambo moja lililomsaidia: kwenye ekskaveta ukivuta mkono nyuma, boriti ile kubwa inayobeba kijiko inapanda, na kwenye ndege ukivuta nyuma, pua inapanda. Vuta, inapanda. Hiyo ilikuwa kwenye damu yake, akawa rubani wa kutisha. Kunal akiwa dukani na yeye akiwa nyumbani, walifukuzana mawinguni siku zake zote za mapumziko.

Basi Mzee Maige akaanguka.

Mama mkwe alikuwa ameshafariki na mzee anaishi peke yake. Alianguka uani jioni, akaumia nyonga, na majirani walimkuta asubuhi amelala pale pale, amelowa umande. Sostenes alimfuata, akamleta kwetu, hospitali ikafanya yake, akaanza kutembea na mkongojo. Tukampa chumba cha Mihayo, mwanetu, ambaye yuko shule ya bweni. Mwili ulipona. Ila mzee alikuwa anakaa kwenye kochi tangu asubuhi, kofia kichwani, anatazama mlango. Nikimpelekea uji napiga goti, naweka, anasema "wabeja," yaani asante, nami naondoka, kwa sababu mimi ni mkwe wake na kwa Kisukuma mkwe haketi na baba mkwe kupiga soga, hamgusi, wala hamuulizi mambo ya moyoni. Fikiria mtu kama mimi, mwenye ulimi huu, nimefungwa hivyo ndani ya nyumba yangu.

Siku moja, Sostenes akiwa ndiyo kwanza ameanza mapumziko, mzee akasema, "Jumamosi nakwenda nyumbani."

Sostenes akajibu, "Sawa, baba."

Sawa! Nilikuwa jikoni, nikauma pindo la kanga. Kule hakuna mtu wa kumchotea maji. Kule akianguka tena jioni, asubuhi anaweza asikutwe akiwa hai. Sostenes alilijua hilo kuliko mimi. Usiku alikuwa ananiambia kitandani, "Atafia uani, Mama Mihayo, na mimi niko shimoni." Mchana anasema sawa. Mwanamume amejaa hofu mpaka kooni, anashindwa kumtolea baba yake neno moja.

Kesho yake akakaa mezani akawasha ndege yake. Mzee kwenye kochi akageuza shingo. Ile ndege ikapita chini chini juu ya mashamba, yenye vipande vya kijani na vya udongo. Nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia siku nyingi.

"Hilo shamba nani kalima? Mistari imepinda."

Sostenes akaduwaa. "Ni la kwenye gemu, baba."

"Hata kama. Aliyelima alikuwa na haraka."

Ndege nyingine ikatokea nyuma, risasi zikaanza kuruka. Mzee akauliza huyo naye ana shida gani. Sostenes akamweleza kwamba ni adui. "Mwache apite," mzee akasema, "labda ana safari zake." Nikaziba mdomo nisicheke. Na hapo mume wangu, sijui alipata wapi ujasiri, akasimama, akavuta kiti, akasema, "Jaribu wewe, baba."

Mzee alikaa. Mikono ile ni mikubwa, vidole vimekomaa, fimbo ikapotelea ndani ya kiganja. Kwenda mbele moja kwa moja aliweza vizuri. Shida ilikuja pua ilipoanza kuinama. Badala ya kuvuta nyuma, aliinamisha mwili mzima na kuisukuma fimbo mbele kwa nguvu zake zote, na ndege ikaingia ardhini na moshi mweusi.

"Vuta, baba," Sostenes akasema. Wakaanza upya. Pua ikainama, mzee akasukuma, moshi. "Vuta." Moshi. "Baba, vuta kwako! Si kusukuma, vuta!" Mume wangu huwafundisha waendeshaji wapya mgodini, na sauti yake ya mgodini ndiyo iliyotoka hapo, ile ya kushindana na injini. Mzee akasukuma tena. Sostenes akaunyanyua mkono wa baba yake kutoka kwenye fimbo, akauweka pembeni kama unavyomwondolea mtoto kisu.

Mzee aliutazama mkono wake pale ulipowekwa. Kisha akachukua mkongojo. "Mimi ni mtu wa kwenda nyumbani," akasema, akaingia chumbani, na chakula cha mchana hakukitaka.

Sostenes alinifuata jikoni amenywea. Nilikuwa naponda karanga na sikuacha kuponda.

"Haelewi," akaniambia. "Nimemwambia vuta, vuta, vuta."

"Nimesikia. Hata Mama Kalisti jirani amesikia. Umemwambia mara zote hizo. Umemuuliza hata mara moja?"

"Nimuulize nini?"

"Mimi nitajuaje? Mimi ni mkwe, siruhusiwi. Wewe ni mwanawe, una ruhusa, na huitumii!"

Nilisema kwa ukali kuliko nilivyotaka. Akatoka nje kuosha pikipiki ambayo ilikuwa safi.

Ijumaa alasiri nilikuwa nimeshapiga pasi nguo za mzee kwa ajili ya safari, machozi yakinilenga. Mzee alikuwa kwenye kochi. Sostenes akaja akakaa, si mezani, akakaa chini kwenye zulia karibu na miguu ya baba yake. Nilikuwa kwenye cherehani. Nikaacha kukanyaga, nikajifanya nateua vifungo.

"Baba," akasema, "jana ndege ilipokuwa inaanguka, mkono wako ulikuwa unataka kufanya nini?"

Mzee alimtazama kwanza kuona kama anadhihakiwa. "Kukandamiza."

"Kwa nini kukandamiza?"

"Sasa jembe likizama utafanyaje? Unakandamiza mikono ya plau, pua inainuka. Ukiivuta juu ndiyo unalichimbia kabisa, maksai wanakwama. Hilo nalo ni la kuuliza? Umelima na mimi tangu ukiwa hivi."

"Sijui, baba. Plau sikuwahi kuishika. Mimi nilikuwa mbele."

Mzee akauweka mkongojo pembeni.

"Na ulinikataza kugeuka," Sostenes akaendelea. "Ulisema nikigeuka, ng'ombe nao wanageuka na mstari unapinda. Sikuwahi kuona unavyofanya huko nyuma."

"Kweli nilikukataza." Mzee alivua kofia, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya ndani ya nyumba yetu, akaipakata. "Mimi nilikuwa nakuona wewe. Mgongo wako. Ulikuwa ukichoka bega la kushoto linashuka, kabla mwenyewe hujajua. Nikiliona hilo bega nasimamisha ng'ombe, nasema mnyororo umelegea."

"Ulikuwa unalegea sana ule mnyororo," Sostenes akasema. "Nilikuwa najiambia baba ana plau mbovu, kwa nini hanunui nyingine."

"Plau haikuwa mbovu. Mnyororo haukulegea hata siku moja. Nilitaka upumzike, na mtoto wa kiume ukimwambia pumzika anakataa."

Kifungo kilinidondoka, kikaviringika mpaka chini ya kochi, na sikwenda kukiokota. Mume wangu alikuwa ameinamisha uso kwenye magoti. Mtu wa ekskaveta, mtu mzima, mabega yanatikisika, na safari hii baba yake hakuwa mbali nyuma. Aliweka kile kiganja kikubwa kwenye bega la kushoto, akakiacha hapo.

Halafu mzee akakohoa na kusema, "Haya, hiyo ndege yako."

Sostenes akajipangusa, akaenda mezani, akafungua mipangilio. Kwenye mstari wa kuinua na kushusha pua akaweka alama ya kugeuza, alama ile ile aliyoweka kwenye mkono wa mafuta. Mambo yote aliyoyazoea, ya ekskaveta na ya ushindi wake wote juu ya Kunal, akayapindua. Kisha akalainisha fimbo isishtuke, kwa kuwa mkono uliozoea kushika plau una uzito, na ile nafasi ya katikati akaipanua ili ndege isisumbuke mzee akipumua. Kila alichobadilisha aliuliza: "Hivi ni nzito? Hivi je?" Mzee anajibu: "Punguza. Hapo. Umepita, rudi." Mimi nilikuwa sijawahi kuwasikia wakisemeshana maneno mengi hivyo kwa mfululizo tangu niolewe.

Wakaruka. Pua ikainama, mzee akakandamiza, na ndege ikanyanyuka kutoka juu ya miti, ikapanda taratibu hadi mawinguni. Hakushangilia. Alisema tu, "Eh," kama mtu aliyemkuta ng'ombe wake aliyepotea. Lakini mkono wa kushoto ulimchanganya, fimbo na mafuta kwa pamoja vilikuwa vingi, akasema, "Wewe shika hayo mafuta." Sostenes akavuta kiti akakaa ubavuni kwake. Mmoja akawa anaongoza, mwingine anatia mwendo, wanaambiana ongeza, punguza, tunafika kwenye kona. Adui alikuja. Mzee akamzunguka kwa mbali, kwa heshima, wakaendelea kukagua mashamba ya watu mpaka jua likazama.

Mimi nikajua yamekwisha. Nikapika kuku.

Wapi! Jumamosi asubuhi nilimkuta mzee amevaa koti, begi limefungwa, mkongojo mkononi. Akapokea shikamoo yangu, akanywa chai, akasema asante kwa yote. Bajaji ya kumpeleka stendi ikapiga honi. Na mume wangu, yule yule aliyelia jana kwenye zulia, akainama akachukua begi la baba yake akatoka nalo. Akalipakia. Nilisimama kwenye kizingiti nina hasira hata masikio yanawaka. Nilishaamua kwamba kama hakuna wa kusema nitavunja mila mimi, nitamshika mzee yule mkono mbele ya mtaa mzima, na waseme watakavyosema.

Mzee alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani ya bajaji. Sostenes akamshika kiwiko kumsaidia kupanda. Akamshika, na hakumwinua. Dereva akageuka kutazama kuna nini.

"Baba, usiende." Sauti ilitoka imekwaruza. "Nisamehe. Naogopa. Nikiwa kazini nakuona umeanguka uani na hakuna mtu. Kila nikishusha kijiko nakuona. Nataka ukae kwangu. Kaa hapa, baba, nakuomba."

Mzee hakugeuka upesi. Alipogeuka, macho yake yalikuwa yamejaa.

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani unataka kwenda."

"Tangu nifike hapa hakuna aliyeniambia kaa. Nililetwa kutibiwa, nikapona. Mgeni akipona anaaga." Akautoa mguu kwenye bajaji, polepole, nyonga bado inamsumbua. "Nilikuwa nangoja tu mtu aniambie."

Sikusikia vizuri yaliyofuata kwa sababu nilikuwa nimeshaingia ndani, kanga usoni. Nikamsikia mzee akiita, "Mama Mihayo, njoo utusaidie begi." Nikatoka, nikalichukua, sikumtazama usoni wala yeye hakunitazama. Nikaliingiza chumbani, nikatoa makoti moja moja nikayatundika, nikayakunjua mashati niliyoyapiga pasi. Kazi hiyo ni ndogo, lakini nilikaa humo muda mrefu. Nje pale getini bajaji ilikuwa imeshaondoka, na wao walikuwa bado wamesimama wanaongea, na mimi sikutaka kuwakatiza.